Mfereji si barabara, na maswali mengine ya njia za vumbi

Masika yanaelekea ukingoni na barua zenu zimeongezeka, kama kila mwaka. Nimejibu zinazowagusa wengi, pamoja na moja niliyokwisha kuijibu mara nyingi lakini haiachi kurudi.

Nataka kuanza graveli, yaani kuendesha baiskeli kwenye njia za vumbi na kokoto. Ninunue baiskeli gani? (Dar es Salaam, na wengine wengi)

Yoyote inayolingana na kimo chako na yenye nafasi ya tairi la milimita 40 au zaidi. Anayeniuliza jina la kampuni kabla hajaniambia atapita wapi ameanzia mwisho. Tafadhali, someni majibu ya nyuma.

Tumegundua kijia kizuri kando ya mfereji huko Uru, juu ya Moshi: kivuli, migomba, maji upande mmoja. Kuna vingine kama hicho? (Moshi)

Vipo vingi, na ninawaomba mshuke kwenye hicho leo.

Ule ukingo mnaoupanda ndio mfereji wenyewe. Ni udongo ulioshindiliwa kwa mikono na miguu, ukazibwa kwa majani na mawe pale unapovuja. Tairi hukata mfuo mmoja mwembamba. Maji hupata ule mfuo, yanaula usiku kucha, na asubuhi ukingo umepasuka. Zamu ya maji ya mtu wa chini imeishia korongoni, na mboga zake zinasubiri zamu ijayo. Wachaga huuita mfongo. Mingi ni ya tangu kabla ya ukoloni, na imedumu kwa sababu wenyeji huitana kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wakazibua na kuziba. Ninyi hamjashika jembe pale hata siku moja.

Nimeuona ukingo uliokatwa na baiskeli. Mzee niliyemkuta pale hakufoka. Aliniuliza tu kama ninawafahamu waliopita. Niliwafahamu. Tangu siku ile sipandi mfereji hata kama hakuna anayeniona.

Zipo barabara za vumbi kati ya Uru na Kibosho. Zinashuka kwenye makorongo ya mito na kupanda tena ng'ambo, na kahawa imejificha chini ya migomba njia nzima. Kilomita 25 za huko zitawatosha. Ila msipande hadi msituni mkidhani ni mwendelezo wa kijiji. Tangu 2005 msitu wote wa Kilimanjaro umo ndani ya mipaka ya hifadhi ya taifa, na bila kibali hamruhusiwi kuingia.

Naomba faili la njia yako ya Jumapili ili niliweke kwenye simu. (Arusha)

Sitoi. Niliwahi kumpa mtu mmoja, naye akawapa wengine, na baada ya miezi michache msafara wa baiskeli kumi na mbili ukapita uani kwa mama aliyekuwa ameniruhusu mimi, mtu mmoja ninayemwamkia kwa jina. Ruhusa ile ilikuwa yangu, haikuwa ya simu. Nenda, uliza, uruhusiwe wewe.

Lushoto hadi Mtae kwa siku moja, inawezekana? (Tanga)

Inawezekana kwa mwenye mapafu, lakini kwa nini ujinyime? Watu wengi wanajichosha kabla ya safari kwa kupanda kutoka Mombo. Ni kilomita zipatazo 33 za lami, zinazokupandisha karibu mita 1,000, pamoja na mabasi yasiyokuachia nafasi kwenye kona. Pandisha baiskeli kwenye gari hadi Lushoto, ulale, uanze alfajiri.

Kutoka Lushoto unapanda Magamba. Hapo kuna msitu wa hifadhi ya mazingira asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Ukitaka kuingia kwenye vijia vya ndani, lipa kiingilio na uchukue mwongoza njia. Kibaridi chake kitakushangaza kama umetoka Tanga mjini, kwa hiyo beba koti jepesi. Baada ya hapo unapita kwenye mashamba ya kabichi, karoti na viazi, unafika Lukozi. Kula huko. Lami ikishaisha, udongo ni mwekundu, na ukikauka unapita vizuri sana. Ukiloa, sahau. Unanata kwenye tairi, unajaza uma unaoshika gurudumu, na baiskeli ya kilo kumi inakuwa mzigo wa kubeba begani. Kwa hiyo usiende Machi hadi Mei, na wakati wa vuli uliza waliotoka huko jana, usiulize utabiri wa simu.

Mtae imekaa ukingoni mwa mteremko wima. Tambarare ya Mkomazi iko chini kabisa ya miguu yako. Ukifika jioni na bado una nguvu za kurudi Lushoto usiku, usirudi. Malori ya mboga hushuka gizani na taa yako ndogo hawaioni.

Na jambo hukuuliza: wazee wa huko wanatembea barabarani. Shikamoo isemwe kwa mwendo utakaokuwezesha kuisikia marahaba.

Napata pancha kila wiki. Tairi zangu ni mbovu? (Dodoma)

Huenda tairi ni nzima na upepo ndio umezidi. Fundi wengi hujaza hadi tairi liwe gumu kama jiwe, kwa sababu baiskeli ya mizigo inataka hivyo. Wewe mwenye kilo 70 hivi na tairi la milimita 45, anzia paundi 30 hadi 35 kisha usikilize: ukisikia rimu inagonga jiwe, ongeza kidogo. Upepo wa wastani unakupa pia mshiko kwenye kokoto.

Huko kwenu kuna miiba ya migunga, na hiyo haijali upepo. Kabla ya kurudisha tyubu yenye kiraka, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Mwiba uliovunjikia humo ndio unaotoboa wiki ijayo, halafu unamlaumu fundi. Ukiweza, hamia kwenye tairi zisizo na tyubu, zenye maji ya kuziba. Maji hayo hukauka kwenye joto, yaongeze kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Ni kweli Hell's Gate mtu anaingia na baiskeli bila gari? (Mombasa)

Kweli. Katika hifadhi hiyo ya taifa ya Kenya, karibu na Naivasha, unalipa langoni na unapita katikati ya pundamilia na twiga. Vumbi ni laini, la volkano, na nyati wapo, kwa hiyo usijisogeze kupiga picha. Ila lile bonde jembamba la Ol Njorowa usilichukulie kama kipande cha matembezi baada ya baiskeli. Mafuriko ya ghafla yaliua watu humo 2012 na tena 2019. Mvua inaweza kuwa inanyesha mbali, juu yako jua linawaka. Askari wa hifadhi akisema usishuke, usibishane naye.

Huu mchezo si wa wazungu? (Morogoro)

Ndugu yangu, nani alibeba maziwa, mkaa na wagonjwa kwenye njia za vumbi miaka yote? Boda boda ya kwanza huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ilikuwa baiskeli. Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli wa mbio kutoka Kenya, alipigania mbio za graveli za Migration, zilizoanza 2021 huko Maasai Mara, Kenya, kwa siku nne na kilomita 650, ili vijana wa Afrika Mashariki washindane nyumbani na wakubwa wa dunia. Alifariki Agosti 2022 akiwa mbioni Vermont, Marekani, kwenye njia ya vumbi. Alikuwa na miaka 33. Nakuomba usiliulize hilo swali tena.

Mimi ni mwanamke, naweza kwenda peke yangu? (Iringa)

Dada, mara ya kwanza nenda na mtu wa eneo hilo, ikiwezekana mwanamke. Mwachie mtu wa nyumbani jina la kila kijiji na saa ya kurudi. Baada ya mara tatu watakuwa wanakujua, na hapo utaamua mwenyewe.

Mbwa wananikimbiza kila nikikaribia mto. (Mbeya)

Usishindane nao mbio. Shuka, weka baiskeli kati yako na mbwa, tembea taratibu bila kumgeuzia mgongo. Mara nyingi ataachia mpaka wa kwao ukiisha. Akikung'ata, hata kama ni mkwaruzo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba.