Anaimba kweli au anafuatisha midomo tu?

Umeuliza utajuaje kama msanii kwenye runinga anaimba mubashara au anafuatisha rekodi. Usianzie kwenye midomo. Picha na sauti za matangazo hupishana mara nyingi, kwa hiyo mtazame kwanza mtangazaji wa kipindi hichohicho: naye akipishana, tatizo ni la matangazo.

Sikiliza maiki. Akiisogeza sentimita 20 kutoka mdomoni, sauti halisi hufifia na kuwa nyembamba. Herufi p na b hupuliza kwenye maiki, na pumzi husikika, hasa akishacheza kwa nguvu. Sauti isiyotetereka huku anaruka ni dalili nzito ya rekodi. Kisha cheza rekodi ya studio sambamba: ni vigumu mno mwimbaji kurudia kila mkato na kila mtetemo vilevile.

Mwaka 2004, katika Saturday Night Live, kipindi cha runinga cha Marekani, sauti ya mwimbaji Ashlee Simpson ilisikika maiki ikiwa bado chini. Kosa la wazi hivyo ni nadra. Zaidi utakuta mchanganyiko: mashairi anaimba mwenyewe, kiitikio kinabebwa na rekodi. Pima kipande kwa kipande, wala usimhukumu kwa mwangwi au sauti iliyonyooshwa na mashine. Hivyo huongezwa papo hapo hata kwa anayeimba kweli.