Kisoro, Bunyonyi na Mpakani: Maswali Yenu

Ssebo, mimi na mke wangu tuko Mbale. Bila pesa ya gorila, Kisoro, huko kusini-magharibi mwa Uganda, kuna nini?

Kuna Kisoro yenyewe. Mgeni wa ng'ambo hulipa dola 800 kuwaona gorila. Sisi wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi, tena nafuu sana, kwa hiyo ulizeni bei ya sasa kabla ya kukata tamaa. Lakini mimi ningepanga safari kwa siku za soko, Jumatatu au Alhamisi. Akina mama huteremka vilimani na viazi, maharage na mtama, na Kifumbira husikika kuliko lugha nyingine yoyote. Mchana nendeni Ziwa Mutanda mkapande mtumbwi. Wenye miguu wapande Muhabura, mita 4,127: kwenda na kurudi ni siku nzima, na kileleni kuna kiziwa kidogo. Anayependa wanyama asisahau kima wa dhahabu wa Mgahinga, maana hifadhi nyingine ya Uganda haina.

Naweza kuvuka mpaka wa Cyanika kwenda Rwanda kwa kitambulisho tu?

Unaweza. Tangu 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Ukiwa na gari, beba kadi ya njano ya COMESA, kisha uhamie kulia, kwani Rwanda hawaendeshi kushoto kama sisi. Hapo ndipo madereva wetu hutoka jasho, hasa kwenye mzunguko wa kwanza. Rudisha saa pia: saa nne ya Kisoro ni saa tatu ya Musanze, na mwenye miadi ya kurudi huchelewa kwa kusahau hilo. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Rwanda waliipiga marufuku 2008. Na usishangae wafanyabiashara wa huku wakiuongelea mpaka kwa tahadhari. Katuna, kituo kingine cha mpaka huo, ilifungwa Februari 2019 ikafunguliwa Januari 2022, na kwa mtu mwenye shamba huku na shemeji kule, hiyo ni miaka mitatu ya kukosa misiba na harusi.

Na Bunagana? Nataka picha tu nikiwa Kongo.

Acha. Waasi wa M23 waliuteka mji huo Juni 2022. Mpaka wa vita si mahali pa picha.

Hadithi ya kisiwa cha Akampene, Ziwa Bunyonyi, ni kweli au ni ya watalii?

Ni kweli. Msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alipelekwa pale akaachwa, afe kwa njaa au azame akijaribu kuogelea. Mwanamume asiye na ng'ombe wa mahari aliweza kwenda kumchukua akamwoa bure. Baadhi ya waongozaji huisimulia kwa kicheko, nami sipendi. Walioachwa pale walikuwa mabinti wa vijiji hivi hivi. Kisiwa chenyewe ni kidogo mno, kimti na nyasi, mtumbwi unakipita upesi.

Kabale hadi Kisoro barabara ikoje? Na baridi?

Lami tupu, ila kona nyingi. Mwenye kichefuchefu akae mbele. Safiri mchana, kwa sababu asubuhi ukungu hufunika njia, nawe utakosa kuona Muhabura, Gahinga na Sabinyo zikijitokeza pamoja unapoteremka Kanaba. Sweta ni lazima, hata Januari.