Nilijua "abdicate", sikujua "bucket"

Nilipoamua kujifunza Kiingereza kwa juhudi zangu mwenyewe, nilinunua daftari nene, nikafungua kamusi kwenye herufi A, nikaanza kunakili. Nikafika "abdicate", yaani mfalme kuachia kiti chake. Mpaka leo sijakutana na mfalme wa kumwambia. Wakati huohuo bomba la jikoni likaanza kuvuja, na fundi aliyekuja hakujua Kiswahili. Nikabaki kunyoosha kidole huku nikisema "to, to, to". Sikuwa na "leak", sikuwa na "tap", hata "bucket" sikuwa nayo.

Basi wewe unayeanza, kamusi iache kwanza rafuni. Jioni moja kaa chini uandike kwa Kiswahili kila kitu ulichokishika tangu uamke: mswaki, kitasa, mfuniko, soksi, droo, ufagio, waya wa chaji. Kisha jaribu kuvitaja kwa Kiingereza. Vinavyokushinda ndivyo somo lako la wiki. Orodha hiyo hutaipata kwenye kitabu chochote, kwa sababu ni ya maisha yako.

Utagundua pia kwamba mengine unayo tayari. Droo, soksi, shati, blanketi, penseli, betri na breki yametoka hukohuko. Uzuri wake ni kwamba waliotuletea maneno hayo waliyachukua kwa sikio. Tazama "cupboard": katikati ina p ambayo Mwingereza haitamki kabisa, nasi tunasema kabati, bila p. Miaka nilikuwa naitamka hiyo p kwa nguvu, kumbe jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Ila irabu tunayoipachika mwishoni uiache unapovuka kwenda Kiingereza.

Majina ya vitu hayasumbui sana. Penye kazi ni vitenzi. Chukua piga: tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga hodi. Kwa Kiingereza hayo ni "call", "take", "iron", "brush", "mop" na "knock". "Hit" haimo hata mara moja. Na wao wana yao. "Take" umefundishwa kuwa ni kuchukua, lakini kwao unai-"take" picha, dawa, basi na hata mtihani, wakati sisi tunapiga, tunameza, tunapanda na tunafanya. Ndiyo maana siku hizi siandiki neno moja peke yake. Naandika "take a photo" yote kama neno moja refu. Mvua kubwa nayo si "big rain". Ni "heavy rain", kana kwamba inapimwa kwenye mizani.

Kuna mtego mwingine ambao hutuvizia sisi Waswahili hasa. Lugha yetu ina mkia wa kusababisha: ona, onyesha, la, lisha, kumbuka, kumbusha, anguka, angusha. Ukijua moja umejua na la pili. Kiingereza mara nyingi hakina mkia huo, kinakupa neno jipya kabisa: "see" na "show", "eat" na "feed", "remember" na "remind", "fall" na "drop". Nimeshawahi kumwambia mtu "remember me" nikitaka anikumbushe jambo, akaniangalia kama ninayemuaga. Na azima, ambayo kwetu inakwenda pande zote mbili, kwao imegawanywa: anayepokea ni "borrow", anayetoa ni "lend". Jifunze maneno haya mawilimawili, usiyatenganishe.

Swali la maneno mangapi yanatosha ni la zamani. Mwaka 1930 Mwingereza Charles Kay Ogden alitoa orodha ya maneno 850 tu, yenye vitenzi 18, akidai yanatosha kwa mawasiliano ya kawaida. Mwaka 1953 Michael West akatoa orodha yake ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi. Hesabu hizo zinatia moyo, lakini usidanganyike na zile 18. Vitenzi vichache vinabebeshwa mizigo mingi: "put" ni weka, "put on" ni vaa, "put out" ni zima moto, "put off" ni ahirisha. Kila mzigo ni neno la kujifunza upya.

Kuhusu kukumbuka, nitasema machache. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijipima mwenyewe na mwaka 1885 akaeleza kwamba tunachojifunza huanza kutoka kichwani mapema sana, kisha kasi hupungua. Kwa hiyo rudia kesho, usisubiri mwisho wa mwezi. Mimi hutumia visanduku vya kadi, njia iliyoenezwa na mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972: ukipatia, kadi inasonga kisanduku cha mbele kinachofunguliwa kwa nadra, ukikosea, inarudi cha kwanza. Upande mmoja sentensi ya Kiswahili, wa pili ya Kiingereza. Sema kwa sauti kabla ya kugeuza. Kusomasoma orodha kunapumbaza: jicho linalitambua neno, ulimi haulijui. Maneno matano kwa siku yananitosha, na siku nyingine matatu.

Usiku, kabla sijalala, najisimulia siku yangu kwa Kiingereza, polepole, kwa sauti ya chini ili nisionekane nimepagawa. Ninapokwama ndipo kadi ya kesho inapotoka. Jana nilikwama kwenye kukunja. Kukunja nguo ni "fold", kukunja mikono ya shati ni "roll up", kukunja uso ni "frown". Kadi tatu, zote ziko kisanduku cha kwanza.