Janga haliifuti katiba

Ndugu uliyeuliza kama janga likiingia serikali inaweza kuifungia katiba kabatini: hapana. Mamlaka ya dharura yenyewe hutoka kwenye katiba, kwa hiyo huja na mipaka: tishio liwe la kweli, hatua zilingane nalo, ziwe na tarehe ya kwisha, bunge na mahakama ziendelee na kazi. Kwenye tarehe ndipo watu hupigwa chenga. Machi 2020 bunge la Hungaria liliiruhusu serikali kutawala kwa amri bila kikomo cha muda. Juni sheria ile ikafutwa (na siku hiyohiyo ikapitishwa nyingine, haya bwana).

Halafu kuna haki zisizoguswa kabisa. Ibara ya 4 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 inataja kutoteswa na kutofanywa mtumwa. Uhuru wa dini umo pia, ila usichanganye: imani haiguswi, lakini mikusanyiko ya ibada inaweza kuzuiwa kwa sababu za afya. Kufunga nyumba za ibada kwa wiki tatu kunaweza kusimama mahakamani. Polisi kumcharaza mtu viboko kwa kukosa barakoa, hakusimami.