Presha ya Ujauzito Haiishii Leba

"Dokta, si nimeshajifungua? Presha ya nini tena?"

Swali hili nalisikia sana wodini siku ya ruhusa. Anayeuliza ameshavaa, mtoto amefungwa vizuri kwenye khanga, na nje kuna ndugu anasubiri na bajaji. Namwelewa. Amekaa siku kadhaa akiamshwa usiku kupimwa, amechomwa sindano ya maginesiamu, ile ya kuzuia degedege, inayounguza mwili mzima, na anachotaka sasa ni kitanda chake. Ila jibu langu halibadiliki: mtoto ametoka, presha inaweza kuwa bado ipo, na hata ikishuka, moyo na mishipa yako vimeshakupa taarifa ambayo hutakiwi kuisahau ukiwa na miaka thelathini, wala arobaini, wala sitini.

Naandika haya nikiwa daktari wa wodi ya wazazi jijini Dar es Salaam, na nikiwa mama wa watoto wawili. Mimba ya pili ilinipandisha presha mwezi wa nane, katikati ya zamu. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu asubuhi, na muuguzi mmoja mtu mzima, ambaye sisi madaktari vijana tunamheshimu kama mama, alinivutia kiti akasema, "Mwanangu, kaa nikupime." Ilikuwa 156 kwa 102, na mkojo ulikuwa na protini. Jioni hiyo nililazwa katika wodi ninayofanyia kazi. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo lakini mzima. Nilipotoka, nyumbani kulijaa watu. Walinipenda, walileta mtori na maziwa, walimbeba mtoto nikapata kulala. Lakini aliyenipigia simu na kuniuliza, "Presha yako leo ngapi?" alikuwa yule muuguzi peke yake. Tangu hapo swali hilo nimelichukua kuwa langu, na nalipeleka kwa kila mwanamke ninayemruhusu kwenda nyumbani.

Kuna sababu ya kuuliza mapema. Presha ya aliyejifungua kwa kawaida hupanda hadi kileleni kati ya siku ya tatu na ya sita. Hizo ndizo siku ambazo wengi tuko chumbani, tunakandwa maji ya moto na kunywa uji wa pilipili manga, na hakuna mashine ya presha ndani ya nyumba. Kifafa cha mimba, pamoja na jina lake, kinaweza kumshika mwanamke ambaye hana tena mimba. Kichwa kinachogonga na hakitulii kwa panadol, macho kuona maruerue, maumivu makali ya chembe au chini ya mbavu za kulia: mwanamke mwenye dalili hizo katika siku za uzazi anatakiwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Nasema hili kwa heshima kwa mama zetu na mashangazi wanaotulea uzazini, kwa sababu wao ndio wanaokuwa chumbani. Mzazi akianza kutetemeka na kukakamaa, msimsomee kwanza mkasubiri. Someni mkiwa ndani ya gari.

Kama una uwezo wa kununua mashine ya presha ya mkononi, inunue kabla ya kununua kitanda cha mtoto. Chagua ile ya kufunga juu ya kiwiko, si ya kwenye kifundo cha mkono. Kaa dakika tano bila kuongea na bila kunyonyesha, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili ukipumzika kidogo katikati, uandike. Kama huna mashine, duka la dawa la mtaani au zahanati watakupima. Ukiona 140 kwa 90 au zaidi, rudi kliniki. Ukiona 160 kwa 110, usisubiri kesho. Na usiache dawa kwa hofu ya maziwa. Zipo dawa nzuri za presha ambazo mama hutumia huku ananyonyesha, na daktari akijua unanyonyesha atakuchagulia hizo.

Sasa nije kwenye moyo wenyewe, maana ndiko ninakotaka kufika.

Mimba ni mtihani mzito kwa moyo. Damu mwilini huongezeka karibu kwa nusu, na moyo hulazimika kusukuma damu nyingi zaidi ya kawaida kwa miezi mingi mfululizo. Mwanamke aliyepata kifafa cha mimba, au presha yenye protini kwenye mkojo iliyozuiwa kabla ya degedege, ana uwezekano wa takriban mara mbili wa kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo au kiharusi huko mbele, akilinganishwa na mwenzake ambaye presha yake haikupanda. Kwa moyo kushindwa kufanya kazi, uwezekano huo unafika karibu mara nne. Hii haina maana kwamba kila mmoja wetu ataugua. Wengi hawataugua. Maana yake ni kwamba tumeambiwa mapema, tukiwa bado na miaka mingi ya kufanya kitu, na ni wagonjwa wachache sana wa moyo duniani wanaopata nafasi hiyo.

Bado nakutana na watu wanaoamini ugonjwa wa moyo ni wa mzee wa kiume mwenye kitambi na gari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu milioni 17.9, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Wanawake wamo humo kwa mamilioni. Na moyo wa mwanamke ukishikwa, si lazima ajishike kifua na kuanguka. Maumivu ya kifua yanabaki kuwa dalili kubwa, lakini kwa wanawake mara nyingi huja pamoja na kichefuchefu, jasho la baridi, maumivu ya taya, shingo au mgongo, pumzi kukata, na uchovu usioelezeka. Mwanamke wa namna hiyo hupewa dawa ya vidonda vya tumbo akarudi nyumbani.

Kuna ugonjwa mmoja ambao ningependa kila familia yenye mzazi ndani iujue. Misuli ya moyo hulegea mwishoni mwa ujauzito au katika miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua, kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuwa na tatizo la moyo. Huwapata zaidi wanawake wa asili ya Kiafrika, na presha ya ujauzito ni mojawapo ya vinavyouchochea. Ubaya wake ni kwamba dalili zake zinafanana na uzazi wa kawaida. Kuchoka, nani hachoki? Miguu kuvimba, nani hakuvimba? Pumzi kuwa fupi, si ni mtoto halali usiku? Kwa hiyo mimi huuliza vitu viwili. Unalalia mito mingapi? Na je, unashtuka usingizini ukitafuta hewa, ukalazimika kukaa au kufungua dirisha? Mama aliyekuwa akilala chali bila shida, sasa hawezi mpaka aegemee mito mitatu, huyo hajachoka tu. Huyo anahitaji kipimo cha eko, kile cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti, na anakihitaji upesi. Hospitali kubwa za rufaa wanacho, na pale Muhimbili kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, ambako wagonjwa wa moyo wanapelekwa kutoka mikoa yote. Akigunduliwa mapema na kuanza dawa, moyo unaweza kurudi katika nguvu zake. Akishapona, asibebe mimba nyingine kabla ya kuzungumza na daktari wa moyo, kwa sababu ugonjwa unaweza kurudi, na ukirudi unaweza kuwa mkali zaidi.

Wauguzi na madaktari wenzangu mlio mama, ninyi nawahofia zaidi. Tunashika mashine ya presha siku nzima na mikono tunayoifunga ni ya watu wengine. Tunakula chipsi mayai saa tisa usiku kwa sababu ndicho kilichobaki wazi nje ya geti. Tunatoka zamu ya usiku tukifika nyumbani tunaandaa watoto wa shule, tunalala kwa saa mbili tu, tunaamka kupika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio ya pamoja: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo juu kwa asilimia 17, kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Na kazi ya kulea haimo katika hesabu hiyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 kama amejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Pia mwajiri hatakiwi kumpangia mjamzito zamu ya usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe yake ya kujifungua, wala mama katika miezi miwili baada ya kujifungua. Wengi wetu tunaijua, lakini tunaona aibu kuidai kwa sababu wenzetu wataelemewa. Ushauri wangu: mweleze mkuu wa wodi mapema, kwa maandishi, kabla ratiba haijabandikwa ukutani. Ratiba ikishabandikwa, ombi lako linageuka kuwa zamu ya mtu mwingine, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Nyumbani kwetu tumebadilisha mambo machache, na yamedumu kwa sababu ni machache. Chumvi inatiwa jikoni mara moja tu, haiji mezani. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko cha chai kisichojaa, na humo mmehesabiwa vile viungo vya pakiti, soseji na mkate. Ndimu, tangawizi na pilipili vimechukua nafasi kubwa, na samaki hajapoteza utamu. Kazini nabeba chakula changu. Ninaposhuka zamu ya usiku, mume wangu ndiye anayepeleka watoto shule, simu yangu inabaki sebuleni, na dada anayetusaidia kazi anajua kwamba mlango wa chumbani haugongwi mpaka mchana. Kuhusu mazoezi, dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka zinatosha, na mimi nazipata kwa kushuka daladala vituo viwili kabla ya kwangu.

Kwa anayetarajia mimba nyingine baada ya ile iliyokuwa na presha: anza kliniki mara tu unapojua una mimba, usingoje tumbo lionekane. Kuna aspirini ya kiwango kidogo inayopunguza uwezekano wa presha kurudi, na inafaa ianzwe kabla ya wiki ya 20. Usijinunulie dukani. Ukiwahi, daktari ataona kama inakufaa.

Na kwa wewe ambaye mtoto wako yuko darasa la tatu, au amemaliza chuo, ukienda hospitali kwa jambo lolote lile, hata kwa jino, mwambie anayekupokea: "Mimba yangu fulani ilikuwa na presha, mwaka fulani." Mwombe akupime presha, na angalau mara moja kwa mwaka upimwe pia sukari, na lehemu, yaani mafuta kwenye damu, pale inapowezekana. Kadi ya kliniki ya mimba hiyo usiitupe. Kama ilishapotea, andika nyuma ya daftari lako la matibabu leo hii, na umwambie binti yako pia, kwa sababu naye siku akibeba mimba, mkunga atamuuliza kama mama yake aliwahi kupata presha.