Western Breach, Kilimanjaro: majibu ya maswali yenu

Kaka, theluji ikiwa nyingi kule Breach, ile njia ya ukuta mkali upande wa magharibi, si ndo vizuri, inashika mawe?

Inashika ikiganda. Kinachoshika mawe pale ni baridi ya usiku, jua likishaupiga ule ukuta juu ya kambi ya Arrow Glacier, barafu inalegea mawe yanaanza kushuka, ndo maana tunatoka kambini usiku ili jua likichomoza muwe mmeshapita pale pabaya. Januari 2006 mawe yaliua Wamarekani watatu, njia ikafungwa kwa muda, 2015 akafa tena mwingine. Mi naanza na maji. Naacha sufuria nje ya hema, saa sita usiku nikikuta hata utando wa barafu hamna simpeleki mtu, mgeni atanuna lakini atakuwa hai.

Ntajuaje mawe yanashuka kabla sijaingia?

Fika kambini mapema, kaa usikilize. Afu angalia theluji mpya, jiwe limekaa juu yake na mchirizi nyuma basi hilo limeanguka juzijuzi. Ukiona mengi kwenye njia yenu shukeni kambi ya Barranco mkapandie njia ya kambi ya Barafu. Ila chakula cha siku za ziada kihesabiwe tangu getini jamani, wagumu (wapagazi) wasije wakalala njaa kwa sababu bosi alibana bajeti.

Kramponi, yale meno ya chuma ya kufunga kwenye buti, ni lazima?

Piga teke theluji mara mbili tatu. Ncha ya buti ikizama, sawa. Ikigonga kama zege unahitaji kramponi na shoka la barafu, na kama mgeni hajawahi kuzivaa pale sio pa kujifunzia. Helmeti ni siku zote, na wagumu pia wapewe, wao ndo wanapita na mzigo kichwani hata kutazama juu hawawezi.

Hali ikibadilika tukiwa katikati tugeuze?

Hapa ndo watu wanakosea sana. Kushuka Breach jua limeshatoka ni kurudi palepale mawe yanapopita, tena kwa miguu iliyochoka, kwa hiyo ukishapanda sana mara nyingi usalama uko juu kwenye kreta, lile shimo la volkano karibu na kilele, kuliko chini. Uamuzi ufanyike kambini, kwenye mita 4,800 na kitu, kabla hamjafunga mabegi. Mtu aliyeamka anatapika na kichwa kinamgonga haingii Breach hata kama juzi alikuwa anawaacha wote nyuma, anashuka Barranco usiku huohuo na muongozaji mmoja.