Maswali ya Wasomaji: Betri ya hina

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba rangi ya hina ni malighafi ya betri. Nikasaga gramu 50 za majani makavu, nikakoroga na maji ya chumvi kikombeni, nikachomeka kipande cha bati na waya wa shaba. Multimita inasoma volti 0.8, ila kitaa cha LED hakiwaki. Nimekosea wapi?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Hapo umetengeneza betri ya bati. Mwaga uji huo, suuza kikombe, tia maji ya chumvi matupu upime tena: volti zitakuwa karibu zilezile. Bati limepakwa zinki, na zinki ndiyo inayoliwa ikitoa elektroni. LED nyekundu hutaka karibu volti 1.8, kwa hiyo unganisha vikombe vitatu mfululizo, bati la kimoja kwa shaba ya kinachofuata. Itawaka kwa unyonge, maana mkondo ni mdogo.

Hata hivyo ulichosoma si uzushi. Rangi ya hina, losoni, ni jamii ya kwinoni: oksijeni zake mbili hupokea elektroni mbili pamoja na ioni mbili za lithiamu, kisha huziachia wakati wa kuchaji. Kwa hesabu, gramu moja ya losoni safi hubeba mAh 308 (miliampea-saa, kipimo cha chaji). Oksidi ya lithiamu na kobalti iliyo kwenye betri za simu hubeba 274, na kwa matumizi ya kawaida hutoa kama nusu tu. Lakini majani yako yana nusu gramu hivi ya losoni, yaani mAh 150 na ushee, tena ukiweza kuichuja yote.

Kinachoikwamisha losoni hasa ni kuyeyuka. Kwinoni ndogo huingia kwenye kimiminika cha betri, ikahamia upande wa pili, na kila chaji uwezo unapungua. Dawa yake ni kuziunganisha molekuli ziwe mnyororo mrefu usioyeyuka. Pia losoni haipitishi umeme, hivyo huchanganywa na masizi ya kaboni, pengine hadi theluthi ya uzito, na masizi hayo karibu hayahifadhi chaji yoyote.

Mwenye potensiostati chuoni (kifaa cha kupima mkondo kwa kila volti), akitaka kuiona losoni ikipokea elektroni, ayeyushe miligramu 1.74 zake kwenye mililita 10 za kiyeyushi asetonitrili kavu yenye chumvi ya kupitisha umeme, apulize naitrojeni dakika 15 kabla ya kupima. Akiruka hatua hiyo, oksijeni ya hewani itachora kilima chake kwenye grafu, naye adhani ni hina.